Boga la Sumaku

Teye Sackitey alikuwa mwanamume mzima mwenye ndevu, mke, watoto wawili na tanuri lake mwenyewe la kuchomea shanga. Lakini Jumamosi ile alasiri ungemkuta amepiga magoti barazani, machozi yanamlengalenga kwa sababu ya mchezo wa watoto.

"Kuna mwizi humu uani," alisema. "Naapa! Vijiti havitoshi. Boga halifungi!"

Mkewe, Mamle, alikuwa pale kando anakwangua ukoko kwenye sufuria lake la waakye. Alikuwa ameamka alfajiri, amepika wali na maharage, ameuza, amerudi, na miguu ilimuuma mpaka kwenye kucha. Kama kuna jambo ambalo hakulitaka siku hiyo, ni habari za boga.

"Mume wangu," alisema, "wenzako wakiibiwa huibiwa mbuzi."

"Cheka tu."

"Nacheka? Nguvu ya kucheka nimeitoa wapi?"

Mchezo wenyewe ulitoka Hamburg. Wifi yake Mamle aliutuma kwa ajili ya Dede, binti yao wa miaka tisa: vijiti vya plastiki vya rangi mbalimbali, kila kimoja kina sumaku kwenye ncha zote mbili, pamoja na gololi za chuma za kuviunganishia. Dede aliuchezea siku moja. Siku ya pili baba yake alisema ngoja nikuoneshe, na mpaka leo alikuwa anaonesha. Alianza na sanduku, akaja na piramidi, akaja na mnara uliofika kwenye swichi ya taa, na wapangaji wa uani wakawa wanabeba vigoda vyao jioni kuja kutazama kama vile kuna mechi. Kilele cha ufundi wake kilikuwa hilo boga, duara kubwa la pembetatu tupu, kila gololi imeshikwa na vijiti vitano, halina mbele wala nyuma. Lilikaa juu ya friji wiki nzima, wageni wakionyeshwa kabla hata ya kupewa maji. Ijumaa kuku wa mama yake akarukia friji, boga likaanguka, vijiti vikatawanyika chini mpaka uani, mama akafagia. Sasa Teye alikuwa anajenga upya, na boga lilikuwa na matundu ya kupitisha ngumi.

"Usitafute mwizi," ilisema sauti kutoka mlangoni. "Muulize huyo anayeweka kila kitu mdomoni."

Alikuwa Bibi Lako, mama yake Teye, mtunga shanga ambaye Odumase nzima ilimjua. Wasichana wa koo kubwakubwa walichezeshwa dipo, ngoma yao ya unyago, wakiwa wamevaa shanga zilizopita vidoleni mwake, na yeye hakumruhusu mtu yeyote asahau hilo. Alionyesha kwa kidevu chini ya meza. Huko alikaa Korkor, mtoto wa mwaka mmoja na nusu, ametulia tuli, anafyonza kizibo cha soda.

Mamle aliacha sufuria lianguke. Alimvuta mtoto, akamtia kidole mdomoni, akatoa kizibo, akatoa kipande cha chaki, akatoa kitu kingine ambacho hakuna aliyekitambua. Kijiti hakuna.

"Vimepungua vingapi?" aliuliza.

"Sijui. Sikuwahi kuvihesabu. Vilikuwa vinatosha, basi."

"Wiki tatu unavishikashika kama tasbihi na hujui idadi yake?"

"Mleteni hapa," alisema Bibi Lako. Alipandisha gauni la mtoto kwa mbele, akajaribu kupenyeza kidole kati ya shanga za kiunoni na tumbo. Uso ukamharibika. "Zimebana!"

"Zimebanaje, mama?"

"Zimebana, nakwambia! Jana kidole kilipita na nafasi ikabaki. Leo asubuhi uzi umekatika nikimwogesha, nimezitunga upya kwa mikono yangu hii, shanga zilezile, kipimo kilekile. Sasa kidole hakipiti. Tumbo limevimba, Teye! Mtoto amemeza chuma!"

Hapo ndipo hofu ilipowaingia kwelikweli. Mizani ya kliniki inaweza kuharibika, na msoma mizani anaweza kuwa na haraka zake. Lakini shanga za kiunoni hukwambia mtoto amenenepa au amekonda kabla macho yako hayajaona, na hajatokea mtu Odumase aliyebishana nazo akashinda. Mamle alimbeba mtoto mgongoni, hata viatu hakuvaa.

* * *

Foleni ya kliniki iliwapisha, maana Bibi Lako aliingia akipiga kelele, "Chuma! Chuma tumboni!" Nesi alimlaza Korkor kitandani, akambonyeza tumbo huku na huku. Korkor alicheka, akataka abonyezwe tena.

"Mama wa mtoto ni nani?"

"Mimi," alisema Mamle.

"Ni huyu," alisema Bibi Lako wakati huohuo, "lakini uniulize mimi. Mtoto naogesha mimi tangu siku ya nane. Huyu yuko na masufuria yake, na hayo masufuria yenyewe, dada yangu, usiombe uyaone! Sahani kwetu zina ukungu. Maharage yana mawe. Taa zinawaka hafifu kama kaburini, kwa ubahili wa umeme. Mimi nitashangaaje mtoto akila vyuma?"

Wanawake wa kwenye benchi waligeuza shingo wote kwa pamoja kumtazama Mamle. Wawili kati yao walikuwa wateja wake wa waakye wa kila siku. Mamle aliinamisha kichwa, akajifanya anafunga kamba ya kiatu, kisha akakumbuka kwamba hana kiatu.

Nesi, Mungu ambariki, hakuwa na muda wa sahani. "Nisikilizeni vizuri," alisema. "Sumaku moja ikimezwa, mara nyingi hutoka yenyewe. Zikiwa mbili, zinatafutana humo ndani. Moja iko kwenye utumbo huku, nyingine kule, zinavutana, zinabana utumbo katikati mpaka unatoboka. Mtoto anaweza kucheka hivi saa hizi na usiku tukampoteza. Mnaelewa?"

Walielewa. Hata Bibi Lako alielewa.

"Picha anahitaji kwa vyovyote, na mashine ya picha iko Koforidua. Nendeni leo. Lakini mpasuaji atawauliza kabla hajauliza jina: amemeza vingapi? Mjue mtakachomjibu. Na asile kitu."

Njiani kurudi Mamle alimkaza mtoto mgongoni. Alikuwa anausikia moyo wa mtoto ukigonga kwenye uti wa mgongo wake, tuku, tuku, na alijisemea kwamba ukinyamaza huo, naye atakaa palepale barabarani asinyanyuke tena. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wengine wote hubeba matumbo yao wenyewe.

* * *

Uani kulikuwa na gari moja tu, teksi ya Narh, mpangaji wa chumba cha kona, na teksi hiyo ilikuwa juu ya jeki, tairi moja iko kwenye ukanda mwembamba wa kivuli cha ukuta na nati zake ziko kwenye bakuli.

"Dakika chache tu, shemeji!" alisema Narh akiingia uvunguni. "Nafunga tairi, tunaruka. Kwa mtoto sidai hata senti. Mafuta tu mtatia."

"Basi wakati anafunga, nijenge," alisema Teye.

"Ujenge?" Mamle alimgeukia kama anataka kumrukia. "Mtoto ana sumaku tumboni na wewe unataka kucheza?"

"Sichezi, mke wangu! Boga lilitumia vijiti vyote, hakikubaki hata kimoja. Nikilijenga, matundu yatakayobaki ndiyo tulivyopoteza. Una njia nyingine ya kujua?"

Hakuwa nayo. Wakaleta meza katikati ya ua, na penye wengi pana mengi: kila mpangaji akaja na shauri lake. Padiki mshonaji alikuja na futi ya kupimia shingoni. Katekista Odonkor, ambaye kanisa lake lilikuwa ng'ambo ya kichochoro, alikuja na kalamu.

"Mambo haya hayahitaji kujenga," alisema Katekista. "Yanahitaji hesabu. Gololi ngapi?"

"Kumi na mbili. Hizo hazipotei, hakuna anayezitaka."

"Kila gololi ina vijiti vitano. Kumi na mbili mara tano, sitini." Akavihesabu vijiti vilivyokuwa mezani, akavua miwani, uso umemwiva kwa huzuni. "Ishirini na nne. Ndugu zangu, mtoto huyu amemeza vijiti thelathini na sita."

Padiki akapiga yowe. Bibi Lako akamtazama Korkor, akamtazama Katekista. "Thelathini na sita vikae wapi? Mtoto mwenyewe hana nafasi hiyo."

"Kijiti kimoja kina ncha mbili, Katekista," alisema Teye, mikono haijasimama. "Kinashika gololi huku na kinashika nyingine kule. Umekihesabu mara mbili. Haya, shika hapa kwa kidole. Usisukume! Shika tu."

Kujenga boga lisilo kamili ni kama kuvisha nguo mtoto asiyetaka. Unafunga huku, linafunguka kule. Katekista aliegemea meza, upande mmoja ukabomoka. Padiki alisogeza mkono wenye pete na bangili ya chuma, vijiti vitatu vikamrukia. "Ondoka na vyuma vyako!" walimfokea. Bisibisi ya Narh ilipopitishwa karibu, vijiti viwili vikaifuata. Mamle alisimama juu yao, mtoto mgongoni, anawatazama watu wazima sita wakishikilia hewa kwa vidole. Ingekuwa siku nyingine angecheka mpaka akae chini. Siku ile alikuwa anaomba tu. Mungu, kiwe kimoja. Kiwe kimoja, sitaomba kitu kingine mpaka mwaka uishe.

Hatimaye Teye aliweka kijiti cha mwisho. Boga likasimama, limelegea, limebonyea ubavuni. Wakaanza kuhesabu mapengo, kila mtu kwa sauti yake.

"Sita," alisema Teye.

Mamle alishika ukingo wa meza.

"Sita!" ilisema sauti ya Narh kutoka uvunguni. "Sita kabisa?"

"Sita. Nesi amesema viwili tu vinaua."

Sasa, jambo lililofuata ndilo watu wa ua ule hawapendi kukumbushwa mpaka leo. Padiki aliangalia chini, akasema ameacha pasi kwenye moto, akakimbilia chumbani kwake. Alirudi ameficha mkono nyuma ya sketi. "Mama Dede," alisema, "hiki nimekikuta sasa hivi. Kilikuwa kimenasa kwenye upindo wa nguo ya mteja. Hata sijui kimefikaje." Akakiweka mezani. Kijiti kilikuwa na pini za kushonea zimening'inia ncha zote mbili, kimejaa kama nungunungu.

"Kimenasa kwenye upindo," alisema Bibi Lako.

"Ndiyo, mama."

"Na pini zikaja kukisalimia."

Padiki alitaka kujibu, lakini watu walikuwa wanamtazama Katekista, ambaye alikuwa anatembea kinyumenyume kuelekea kichochoroni. Alipotea, akarudi anahema, anakitoa kijiti kwenye mfuko wa shati. "Ubao wa nyimbo pale kanisani ni wa chuma," alisema. "Namba ya wimbo wa pili ilikuwa inaanguka kila ibada, inatia aibu. Nilikiazima kwa kazi ya Bwana."

"Ulimwomba nani?"

"Bwana."

"Kesho tungeimba kwa mali ya wizi!" alisema Padiki, amefurahi kupata mwenzake.

Narh hakutoka uvunguni. Mkono wake tu ndio uliochomoza, ukaingia kwenye dirisha la teksi, ukapapasa kwenye dashibodi, karatasi ya bima ikaanguka. Mkono ukanyoosha kijiti cha njano. "Hiki sijui," ilisema sauti. "Labda kiliota humu garini."

Teye alishindwa kuvumilia. Alipanda juu ya kigoda. "Hamna haya!" alifoka. "Mnakula kwangu, mnakaa kwenye viti vyangu, mnapiga makofi, kumbe mnaondoka na vijiti mifukoni! Mtoto wangu yuko kwenye hatari, mke wangu amekauka mate, ninyi mnafungia pini na bima! Mtu mzima mwenye akili zake anachukuaje mchezo wa mtoto akaenda kuufanyia..." Akasimama hapohapo, mdomo wazi. Akashuka kigodani polepole. Akaenda mpaka kwenye banda la tanuri, akarudi na kijiti kimejaa unga mweusi wa chuma.

"Kipande cha chuma kikiingia kwenye unga wa chupa," alieleza taratibu, akikipangusa kwenye suruali, "shanga hutoka motoni na doa jeusi. Sasa hiki kinanyonya chuma chote. Ni kazi nzuri sana."

"Kumbe mwizi tulikuwa naye," alisema Mamle.

"Nilijiazima, mke wangu. Nikasahau kujirudishia."

Ua mzima ukaangua kicheko, kile kicheko cha watu waliokuwa wamebanwa na hofu, mpaka Teye alipoviweka vyote vinne mahali pake. Boga likanyanyuka, likajaza ubavu, karibu liwe zima. Kicheko kikafa chenyewe.

Yalibaki mapengo mawili.

"Mwenye navyo alete," alisema Mamle. Sauti ilikuwa ndogo, watu wakasogea ili waisikie. "Simuulizi. Simsemi. Nitampa waakye na yai bure mpaka Krismasi."

Wanaume watatu walijipapasa mifukoni kwa matumaini makubwa. Hawakuwa na kitu. Walitazamana, wakatazama chini, na kila mtu akajua kwamba safari hii hakuna wa kukimbilia chumbani. Viwili. Ndiyo idadi ileile aliyoitaja nesi.

"Tairi tayari!" Narh alitoka uvunguni.

Mamle alichomoa kitambaa kwenye kifua chake, kilichofungwa fundo juu ya pesa za mchele na maharage ya Jumatatu, akampa mumewe bila kuzihesabu. Alikuwa amemshusha Korkor ili akaze nguo ya kubebea. Sasa aliinama kando ya meza, akamrusha mtoto mgongoni tena, kiuno cha mtoto kikapita karibu na boga.

Tak!

Kijiti kiliruka kutoka kwenye boga, kikamganda Korkor kiunoni kwa nyuma, juu ya gauni. Boga likaporomoka.

"Yesu!" alipiga kelele Padiki. "Inavuta! Iko ndani, inavuta!"

"Imeshuka!" alisema Katekista. "Imeshafika mgongoni! Iko njiani kutoka, leteni poti!"

"Poti ya nini, washa gari!"

"Msimtikise! Zitapishana!"

Narh aliwasha gari, akalizima, akaliwasha tena. Mtu alileta poti, mwingine akaleta Biblia. Korkor alikuwa anajizungusha akijaribu kukifikia kile kijiti kilichomganda, akikitaka mdomoni. Mamle alimlaza kifudifudi juu ya meza katikati ya gololi, akapandisha gauni.

Hapo kiunoni kwa nyuma, kati ya shanga za buluu na za manjano, vilikuwepo vijiti viwili, chekundu na cha kijani, vimekumbatiana ncha kwa ncha. Kila kimoja kilikuwa kimezungushiwa mwisho wa uzi wa shanga, kikafungwa fundo kubwa, baya, limerudiwarudiwa, kubwa kama punje ya mahindi.

Mamle alivitazama. Alivigusa. Kisha akalala kifua juu ya mgongo wa mwanawe, akalia kwa sauti, kilio cha raha tupu, na watu waliokuwa bado hawajaelewa wakaanza kulia naye wakidhani ndiyo basi.

Bibi Lako aliwasukuma, akafika mezani. Aliinama mpaka pua ikakaribia kumgusa mtoto. Alipapasa vile vijiti kwa vidole, kisha akapapasa kijiti kingine kilichokuwa mezani, kisha akarudi kwenye vile viwili.

"Hivi," alisema kwa sauti ya chini ambayo Mamle peke yake aliisikia, "hivi si vifungo? Si vile vifungo vipya vya shanga alivyoniachia yule mteja wa Accra? Nilivikuta kwenye beseni la shanga. Vinashikana vyenyewe, nikasema afadhali..."

Mamle aliinua uso. Ilikuwa miezi mingi hajatazamana na mkwewe karibu hivyo, maana walipotazamana waligombana. Katikati ya macho ya bibi palikuwa na weupe, kama maji yaliyosuuziwa mchele. Macho yote mawili. Mamle akaiona miezi ile yote kwa mara moja: sahani zenye ukungu, taa za kaburini, mawe kwenye maharage ambayo hayakuwa mawe. Akauona na uzi wa leo asubuhi. Shanga zilizodondoka chini ya kigoda cha kuogea bibi hakuziona, na uzi ukatoka mfupi, na kiuno cha mtoto kikabanwa bila tumbo kuvimba hata kidogo.

"Ni shanga!" Padiki alikuwa ameshaona, anawatangazia wengine. "Wamemfungia mtoto shanga kwa huo mchezo! Hana kitu tumboni! Sasa nani aliyefanya hivyo? Bibi Lako, si wewe unayem..."

Watu wote walimgeukia Bibi Lako. Mwezi uliofuata ulikuwa wa dipo, na nyumba nne zilikuwa zimeshamletea shanga za mabinti zao. Mtunga shanga asiyeweza kufunga fundo, huko Odumase, afadhali aitwe mchawi. Bibi alisimama na mikono mitupu mbele yake. Kwa mara ya kwanza tangu Mamle aolewe, hakuwa na neno. Teye alifumbua mdomo kusema alichokisikia barazani, na Mamle akamkanyaga mguu, kwa kisigino.

"Ni mimi," alisema Mamle. "Uzi ulikatika, nilikuwa nawahi sokoni. Nikafunga na nilichokiona."

Basi wakamshukia! Padiki alisema hajaona uvivu kama ule. Katekista alinukuu Mithali juu ya mwanamke mwema, aya kwa aya. Narh alisema yeye mafuta yameungua bure, na kwamba angekuwa mtoto wake, pangechimbika. Mamle alimkumbatia Korkor, akasimama katikati yao, na maneno yote yakampita kama mvua inavyompita bata, kwa furaha aliyokuwa nayo.

Ila moja halikumpita.

"Niliwaambia!" Bibi Lako alikuwa ameipata sauti yake. "Sikuwaambia? Kliniki nzima ni shahidi! Mwanamke hajui kufunga hata fundo! Fundo! Kitu cha mtoto wa miaka mitano! Mimi nikiwa na umri wako..."

Na hakunyamaza mpaka taa zilipozimwa.

* * *

Asubuhi, kabla ya ibada, Mamle alikuwa anapepea moto wa chai alipoitwa.

"Mama Dede! Njoo umwogeshe mwanao."

Mamle alisimama na pepeo mkononi. Bibi Lako alikuwa ameketi kwenye kigoda cha kuogea, beseni la maji mbele yake, Korkor uchi anapiga maji kwa viganja. Kando palikuwa na sinia la shanga, uzi na sindano.

"Nimwogeshe mimi?"

"Kuna Mama Dede mwingine? Anza na masikio. Usimkwaruze."

Mamle alichuchumaa, akachukua sifongo. Aliosha sikio moja, akaosha la pili. Kisha hakuweza kuvumilia. "Jana umenitukana mbele ya watu wote, mama. Mimi nimekusitiri, wewe umenitukana."

"Nimekutukana, ndiyo. Ulitaka nifanye nini? Nisimame pale niwaambie mkwe wangu ni mwongo?"

Mamle alijimwagia maji usoni ili asionekane anacheka.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu lini nini?"

"Macho."

"Macho yangu ni mazima. Dunia ndiyo imefifia." Bibi alichota maji kwa kiganja, akamwagia mtoto kichwani. "Tangu mvua za mwaka jana," alisema.

"Kesho tutarudi kliniki. Tuulizie daktari wa macho."

"Na waakye itauzwa na nani?"

"Teye."

Hapo wote wawili walicheka, Bibi Lako akicheka bila kutaka, amejiziba mdomo kwa upande wa khanga. Korkor naye akacheka kwa kuwafuata. Mamle alimpangusa mtoto, akamkalisha mapajani, akashika uzi, akasubiri. Bibi aliingiza mkono kwenye sinia, akachagua shanga moja, akaizungusha kati ya vidole, akaisogeza kwenye jicho moja, kisha kwenye la pili. Alikohoa.

"Hii ya rangi gani?"

"Ya manjano, mama."

"Najua ni ya manjano. Nilikuwa nakupima wewe."

"Ndiyo, mama."

Bibi alimkabidhi. Mkono ukarudi kwenye sinia, ukachukua nyingine, ukakaa nayo muda mrefu zaidi kabla ya kuinyoosha.

"Na hii?"